Mboga kando ya ziwa Victoria, huku Majanji: wameniambia niache mita 200, sasa nilime wapi?

Msamia_Mdogo:

Wakuu habari za jioni. Simu yangu kioo kimepasuka kwa hiyo makosa ya kuandika mtavumilia.

Iko hivi. Marehemu baba alituachia shamba huku Majanji, Busia ya Uganda, si ile ya ng'ambo. Ni jembamba refu, upana kama hatua 40 tu, lakini linaanzia barabarani linashuka mpaka kwenye maji kabisa, jumla kama ekari nne hivi. Huku juu ni udongo mwekundu una changarawe, ukipiga jembe linalia kengele. Ukishuka unalainika, na chini kabisa ni mweusi umechanganyika na mchanga, hapo ndipo baba alikuwa analima nyanya na sukuma kiangazi chote, maji anachota kwa jerikani, na ndiyo nyanya zilizotusomesha sisi wote sita.

Mimi nilikuwa Kampala nauza spea za pikipiki, biashara ikakauka, mwaka jana nikarudi nyumbani nikasema basi nitalima. Nikafyeka kule chini, nikang'oa yale matete yaliyokuwa yamerudi, nikalima matuta. Mwezi uliopita wakaja watu wa mazingira pamoja na mwenyekiti wetu wa kijiji (LC1), wakavuta kamba kutoka ziwani, wakafika kwenye mwembe wa babu wakaupaka rangi nyekundu, wakasema kuanzia hapa kushuka mpaka majini hakuna jembe, ni mita 200, paachwe parudi msitu na matete yake. Nikapiga hesabu nikaona nusu ya shamba imeenda, tena ile nusu tamu, mimi nimebakiziwa changarawe.

Shida inayonichoma zaidi, baba mdogo tumepakana naye, yeye analima mpaka vidole vya miguu vinagusa maji na ananicheka, anasema hao wanatafuta chai tu, wape kitu waende.

Sasa naomba mnisaidie. Hii mita 200 ni sheria kweli au ni mtu amejitungia? Na kama ni kweli, kwenye huo udongo wa juu naweza kupata mboga za kuuza au nirudi tu Kampala kwenye spea? Sitaki kulima mihogo, muhogo haunilipii karo, nataka mboga, kitu cha kuuza kila wiki.

---

Kijana_Walukuba:

Kaka we lima tu. Huku Jinja nimeona watu wanalima mpaka ndani ya maji na hakuna kitu. Wanakuja mara moja wanapaka rangi, wanaondoka mwaka mzima. Mvua ikinyesha mara mbili rangi imetoka hahaha. Panda sukuma ya haraka uvune kabla hawajarudi.

---

mwalimu_mstaafu:

Kijana wa Walukuba, usimpeleke mwenzako kwenye matatizo halafu wewe umekaa kwenye kiti unacheka.

Mwanangu Msamia, pole kwanza kwa baba. Hiyo si ya kujitungia. Kuna kanuni za mwaka 2000 zinazohusu maeneo oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa, na ndani yake maziwa makubwa yametajwa kwa majina, Victoria, Kyoga, Albert, Edward, George, hayo yana ukanda wa mita 200 wa kulindwa. Maziwa mengine madogo ni mita 100, na mto kama Nile vilevile ni 100. Ndani ya ukanda hufanyi shughuli bila ruhusa ya maandishi kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira, na maandishi maana yake karatasi, si mtu kukwambia kwa mdomo endelea tu mimi niko hapa. Ukimpa mtu chai, kesho anakuja mwingine hujampa chai, utanyweshea wangapi? Na ziwa lenyewe katiba ya 1995 kifungu cha 237 inasema serikali inalishika kwa niaba ya wananchi wote.

Lakini elewa jambo moja ambalo watu wengi hawalielewi na ndiyo maana wanapigana bure: hawajakunyang'anya ardhi. Ni yenu bado, mipaka ni ileile, kaburi la babu kama liko pale ni lenu. Kilichofungwa ni matumizi. Kwa hiyo usiuze kwa hasira, nimeona watu wawili wameuza kwa bei ya kutupa kwa sababu walidhani imeshachukuliwa.

Halafu nikukumbushe jambo la 2020. Wewe ulikuwa Kampala. Mwezi wa tano mwaka ule kipimo cha maji pale Jinja kilivuka ile alama ya Mei 1964 ambayo sisi tulikuwa tunaambiwa na wazazi kwamba haitafikiwa tena. Zile mvua za kabla ya 1964 wazee wanaziita mvua za uhuru, zilianza mwishoni mwa 1961, ziwa likapanda halikushuka haraka. Sasa 2020 walioondoa mafunjo wakalima hadi kwenye maji walivuna nini? Walivuna maji. Nyumba, vyoo, mashamba, vyote ndani. Kule ambako matete na miti ilikuwa imesimama maji yaliingia polepole na yakarudi yameacha udongo. Kule kulikolimwa yalirudi na udongo.

Baba mdogo wako mwache acheke. Huo mwembe uliopakwa rangi ndio mpaka wako, uheshimu, na usipime mwenyewe kwa hatua kutoka kwenye maji ya leo kwa maana maji ya leo si ya mwezi ujao. Ukiwa na wasiwasi nenda kwa afisa mazingira wa wilaya pale Busia mjini akupimie tena na akuandikie.

---

Msamia_Mdogo:

Asante sana mwalimu, hapo kwenye kuuza umenishika maana kuna mtu wa Kampala ameshaanza kunipigia simu. Basi chini nimeacha. Lakini hilo swali la pili bado, hii changarawe jamani. Nimejaribu dodo, yaani mchicha, juzi imeota kama nywele za mzee, moja huku moja kule.

---

MamaDodo:

Mdogo wangu Msamia, mimi niko upande wa Mayuge, na sisi pia tuliambiwa tuhame kutoka kwa maji, nililia wiki nzima, sasa nalima juu mwaka wa tano na watoto wanakula. Nitakuandikia ndefu, ukichoka soma kesho.

Kwanza acha kulima eneo kubwa. Hilo ndilo kosa letu sisi tuliozoea udongo wa chini, tunaenda juu na jembe lilelile na tamaa ileile. Anza na robo ekari. Pima vitanda vya upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Chimba kina cha mkono mpaka kiwiko, ile changarawe kubwa itoe, itakufaa kwenye njia za katikati. Chini ya shimo jaza mabua ya mahindi, majani ya ndizi, magugu makavu, chochote kinachooza, kisha samadi ya ng'ombe iliyokaa, kisha rudisha udongo. Samadi ya kuku iache ikae miezi kabla hujaigusa, ile mbichi inachoma mizizi, dodo yako inageuka njano unadhani ni ugonjwa. Kila kitanda kinakula kama matoroli manne, najua ni kazi, mimi nilifanya vitanda viwili kwa wiki na mtoto mmoja wa kusaidia.

Sasa hapa ndipo watu wanakosea. Kiangazi kitanda chako kiwe chini kidogo kuliko njia, kama sahani, maji yakae. Mvua zikianza mwezi wa tatu na zile za mwezi wa tisa, kiwe juu kuliko njia, maji yatoke. Watu wanatengeneza matuta ya juu mwaka mzima kwa sababu waliona kwenye video, halafu Januari wanamwagilia tuta linakauka kwa saa mbili.

Shamba lako linateremka, kwa hiyo kabla ya vitanda piga mitaro ya kukinga maji, la sivyo samadi yote unayonunua itaenda ziwani kumlisha samaki wa watu. Usiweke kwa macho, macho yanadanganya kwenye mteremko. Tafuta miti miwili ya urefu wa mtu, funga vichwa pamoja, mti wa tatu mfupi ufunge katikati kama herufi A, juu ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati, geuza miguu ikabadilishane mahali, weka alama ya pili. Katikati ya hizo alama mbili ndipo usawa. Halafu tembea nayo shambani ukipigilia vijiti kila mguu unapotua sawa. Ukichimba mtaro ukatupa udongo juu ya mteremko ndiyo fanya juu, ukitupa chini ni fanya chini. Fanya juu inachosha mgongo lakini baada ya misimu michache udongo unajipanga wenyewe unakuwa ngazi. Kwenye kingo panda nyasi za nepia, ng'ombe wa jirani atakulipa samadi.

Na matandazo. Funika kila kitanda na nyasi kavu, hilo sitalirudia mara mbili. Udongo wa changarawe bila nguo ni kama kikaango.

Mboga gani? Dodo ianze kwa sababu inalipa haraka, wiki tatu nne umeshang'oa za kwanza, zilizobaki kata juu ya shina zichipue tena. Jobyo (mgagani) nayo haikawii, ila ukiona ua tu libane kwa kucha, ukiichelewesha inakuwa mbegu tupu. Nakati, ile mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu, inataka subira, karibu miezi miwili ndipo ukate, lakini ikishika unakata na kukata, na watu wa Kampala wanaifuata mpaka shambani. Sukuma panda kwenye vitanda vyenye samadi nyingi zaidi maana ni mlafi. Kunde weka kila mahali, unakula majani na mizizi inaacha mbolea.

Sikiliza hili vizuri kwa sababu umesema baba alikuwa mtu wa nyanya. Nyanya, nakati, ntula (nyanya chungu), biringani, pilipili, viazi mviringo, hao wote ni ukoo mmoja. Kuna ule ugonjwa wa kunyauka, mmea unalala mchana ukiwa kijani kabisa, kesho umekufa, ukikata shina ukalichovya kwenye glasi ya maji safi unaona kama maziwa yanateremka. Ukishaingia unakaa kwenye udongo. Kwa hiyo nyanya zikitoka usipande nakati, panda dodo au kunde au sukuma. Mimi nilifuatisha ntula baada ya nyanya mwaka wa kwanza, nikapoteza kitanda kizima na nikamlaumu jirani kwamba ameniroga, mpaka leo ninaona aibu kumsalimia.

---

Pwani_Jinja:

Salamu nyote. Mimi ni mtu wa Kilifi nimeolea Jinja. Kwetu pia mashamba ya ufukweni watu wanaambiwa wasikate mikoko. Nimwambie tu Msamia ajihadhari na chumvi, maji ya karibu na ufuko ukimwagilia mchicha unaungua ncha za majani, na kisima usichimbe kina kirefu sana maana utavuta maji ya bahari. Kule tunachanganya na mnazi juu, mboga chini kwenye kivuli.

---

MamaDodo:

Shemeji wa Jinja karibu, lakini hapa ni Nalubaale, ndiyo ziwa Victoria, maji matamu, chumvi haiko. Kisima achimbe tu. Hiyo ya kivuli ndiyo nimeipenda, sisi badala ya mnazi tuna ndizi na mitalawanda, panda mstari mmoja juu ya kila mtaro, nakati chini ya kivuli chepesi majani yanakuwa mapana na laini. Wewe mikoko yenu na mafunjo yetu ni ndugu wa kazi moja, tofauti ni ladha ya maji tu.

---

Msamia_Mdogo:

Mama umeniandikia kitabu, nimekinakili kwenye daftari. Nina mawili. Wadudu, kwenye duka moja hapa waliniuzia dawa wakasema piga kila siku tatu. Na lile gugu maji linalokuja na upepo, limejaa pale chini, naweza kulitumia kama mbolea? Hilo silimi ni kuokota tu.

---

Pembejeo_Bugiri:

Nina duka la pembejeo kwa hiyo mnaweza kusema naharibu biashara yangu, lakini kila siku tatu hapana. Soma karatasi ya chupa, pana siku za kungoja kutoka kupiga mpaka kuvuna, zinatofautiana dawa kwa dawa. Mboga ya majani unaila jani lenyewe, hakuna ganda la kumenya. Zile nyanya zenye unga mweupe sokoni mnazozijua, ni dawa ya ukungu ya mancozeb imepigwa hadi asubuhi ya kuvuna, eti mteja akiona weupe anajua haitaoza haraka. Mimi mwenyewe kwangu nanunua nyanya kwa mtu ninayemjua.

Kwa sukuma na dodo anza na vitu vya nyumbani. Wale wadudu wadogo wanaojaa chini ya jani la sukuma, maji ya sabuni kidogo unanyunyiza jioni chini ya jani, si juu, wako chini. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha yanasaidia kwa viwavi vya kabichi kama umewahi wakiwa wadogo. Majivu shinani. Na nyanya ukipanda, ujue kuna kile kipepeo cha Tuta absoluta kilichoingia Uganda karibu 2012, viwavi vyake vinachimba vichuguu ndani ya jani, hivyo sabuni havisikii, okota majani yaliyoliwa uzike mbali na uje dukani tuongee vizuri.

Sasa upande wa ziwa. Bomba la kupigia dawa usilioshee majini, na chupa tupu usiache mtaroni. Na fataleza, mbolea ya dukani, usirushe kabla ya mvua. Watu wanafikiri kilichoenda ziwani kimepotea, hakijapotea, kinalisha ule ukijani unaoelea, ukijani ukifa unaoza, na kuoza kunakula hewa iliyomo majini. Mnakumbuka Januari 2021 mbuta (sangara) wakubwa walivyoelea wamekufa kila mwalo wa wavuvi, watu wakasema wametiwa sumu? Serikali ilisema ni hewa iliisha majini baada ya dhoruba kuvuruga maji ya chini na ya juu. Sisemi ni fataleza ya Majanji iliyofanya hivyo, nasema tu ziwa lenyewe limeshachoka, tusilibebeshe.

Gugu maji ni mbolea nzuri, ila mambo mawili. Linavuta madini mazito, kwa hiyo lile la karibu na mifereji ya viwanda au mji usiliweke kwenye mboga. La kwenu huko wazi si mbaya. Pili, mbegu zake zinaishi miaka mingi sana, usilirundike kando ya mtaro unaorudi ziwani utakuwa umelipanda upya. Lipandishe juu, lianike likauke kabisa, lichanganye na samadi na majani makavu, ligeuze kila wiki mbili mpaka liache kutoa moto.

Na ukiliokota usisimame majini mchana wa jua bila viatu vya mpira. Kichocho kiko, konokono wako hapohapo kwenye magugu, kile kimdudu kinapita kwenye ngozi bila kukuuliza. Ukianza kuharisha damu nenda kituo cha afya cha serikali, dawa ipo.

---

Kijana_Walukuba:

Sawa nimekubali, nilikuwa nachekesha. Lakini maji atapandishaje huko juu? Mita 200 na jerikani kichwani si mchezo, atakuwa na shingo ya twiga.

---

mwalimu_mstaafu:

Hilo ni swali la maana sasa. Bati. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, wanafunzi wangu wote walilijua hilo. Nyumba yenye bati mita 40 za mraba ikipata mvua ya milimita 20 ni lita 800, jerikani 40, kwa mchana mmoja. Weka mfereji wa bati, chimba shimo juu ya shamba ulitandike turubai nene, lifunike mbu wasizae. Hiyo inakuvusha wiki za mwanzo za kiangazi.

Pampu ya injini au ya sola kutoka ziwani ni jambo lingine, hiyo inahitaji kibali cha maji, ulizia wilayani kabla hujanunua. Pale pale wilayani ulizia ule mpango wa serikali wa umwagiliaji mdogo ambao mkulima anachangia sehemu na serikali sehemu. Na kama kikundi chenu cha parokia (ya serikali, si ya kanisa) kiko hai, ile milioni moja ya PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, inatosha turubai, mfereji, mbegu na toroli, mradi usinunue simu.

---

Msamia_Mdogo:

Wakuu nimerudi, samahani nimekaa kimya, simu ilikufa kabisa ikabidi ningoje.

Nimefanya vitanda sita, si kumi na viwili kama nilivyojidanganya. Mgongo umekoma. Ile herufi A ya mama nilitengeneza na miti ya mikaratusi, watoto wa jirani walikuja kuangalia wakidhani nawinda ndege. Mitaro miwili imeshika maji ya mvua ya juzi mpaka asubuhi yake yalikuwa bado, na maji yaliyokuwa yanapita kwenye choo cha mama hayakupita, hilo lilimfurahisha kuliko mboga.

Dodo ya kwanza nimeuza kwa akina mama wa samaki pale mwaloni. Nilikuwa nafikiria soko la Busia mjini lakini boda inakula faida yote na majani yanafika yamelala, kumbe hawa wa mwaloni kila siku wanakula samaki na wanatafuta cha kuweka kando, wanachukua asubuhi mapema wanalipa jioni wakiuza. Mmoja tu hajalipa. Nawapelekea kwenye gunia lililolowekwa maji, si kaveera (mfuko wa plastiki), kwenye kaveera inatoa jasho na kuoza.

Kule chini nimeacha. Matete yamerudi yenyewe sijapanda chochote, yamefika kiunoni. Baba mdogo hajaacha lakini mvua kubwa ile imepita kwake ikachukua tuta zima la nyanya, rangi ya maji mbele ya shamba lake ilikuwa nyekundu siku mbili. Hajaniambia kitu. Ila jana alikuja kuniazima zile fito tatu za herufi A, akasema ni za kupimia ukuta wa nyumba.

Sasa swali jipya. Usiku wa juzi kitu kimepita kwenye kitanda cha sukuma cha mwisho kabisa, kile cha karibu na mwembe. Hakikung'oa, kimekata kama kwa panga, kitanda kizima, na kimeacha nyayo kubwa kama sahani ya chai. Mama anasema ng'ombe wa mtu. Mimi sijaona ng'ombe wa hivyo.

---

MamaDodo:

Nyayo zina vidole vinne?

---

Msamia_Mdogo:

Nimeenda kuhesabu na tochi. Vinne.

---

MamaDodo:

Banange wewe, rudi ndani! Hicho ni kiboko, na usitoke tena usiku na tochi kumtafuta, akikukuta uko kati yake na maji hataki mazungumzo. Asubuhi mwambie mwenyekiti awapigie watu wa wanyamapori. Kitanda hicho cha mwisho hamishia pilipili, na njia yake ya kwenda majini usiizibe kwa miba, mwachie apite. Sukuma ipandishe juu karibu na nyumba. Na huyo wa mwaloni ambaye hajalipa, mfuate kesho kabla ya saa moja, wakishapata samaki wanakuwa na pesa.